Gurudumu la kipanya lilivyonitia aibu Mai Mahiu

Mtu wa Mombasa akishuka Mai Mahiu asubuhi, neno la kwanza kumtoka ni baridi. Jina la mji ni la Kikikuyu, maana yake maji moto, na hayo maji moto mimi sikuyaona ila kwenye birika la chai. Lakini tangu reli ifike huku 2019, watu wetu si haba. Bandari kavu inayoitwa ya Naivasha iko upande huu, na pamoja na mizigo wamepanda makarani, madereva na mafundi wa kompyuta kama mimi.

Naangalia seva ya kampuni moja ya malori. Seva yenyewe iko Mombasa, naifikia popote kwa laptop na intaneti ya simu. Siku hiyo mwenye kampuni alinipigia: "Mwanangu, lori moja limebadilishwa. Nirekebishie nambari, madereva wapewe karatasi zao."

"Dakika tano, mzee."

Nikafungua faili kwa vi, nikarekebisha nambari, kisha nikazungusha gurudumu la kipanya nitazame chini ya faili, kama tunavyosogeza ukurasa wowote. Skrini ikaganda. Nikasema ni mtandao tu, si tuko bondeni? Nikabonyeza Esc, nikahifadhi, nikamalizia chai.

Hazikupita dakika kumi simu ikalia. Karatasi hazitoki, si za lori lile tu bali za malori yote. Kufungua faili, katikati ya nambari pamejaa herufi B, moja kwa kila mstari, mistari thelathini na kitu. Programu ya karatasi ilipokutana nazo ilikataa kusoma. Madereva saba walikaa saa mbili kwa ajili ya B zangu, na mmoja aliniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Kilichotokea ni hiki. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri, yaani terminali, ni la kuigiza. Linajifanya mashine ya miaka ya 1970, hasa VT100 ya kampuni ya DEC ya 1978, iliyokuwa na skrini na kibodi, basi. Terminali ina kurasa mbili. Wa kwanza hukumbuka yaliyopita ili uweze kurudi juu. Wa pili hupewa programu kama vi au nano unapofungua faili, na huo haukumbuki kitu. Unaona tu kile programu ilichochora. Ukizungusha gurudumu hapo, terminali haina cha kusogeza. Kwa hiyo nyingi hubuni: hutuma kitufe cha mshale, tena mara kadhaa kwa kila mzunguko mdogo.

Na mshale ukisafiri kwenye mtandao si kitu kimoja. Ni Esc, kisha O, kisha B kwa mshale wa chini au A kwa wa juu. Vim kamili huzitambua zikiwa pamoja. Lakini kwenye Ubuntu isiyoongezwa kitu, ukiandika vi unapewa Vim ndogo yenye tabia za zamani, na hiyo, ukiwa katikati ya kuandika, huzisoma moja moja: Esc, acha kuandika, O, fungua mstari mpya juu, B, andika B. Mizunguko kumi tu, faili limekwisha.

Waliotunga siwalaumu. Bill Joy aliandika vi 1976 akitumia laini ya biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 ingechukua zaidi ya dakika moja kujaa. Ndiyo maana amri zake nyingi ni herufi moja, na kusogea ni h, j, k na l, kwa kuwa kibodi ya mashine yake, ADM-3A, ilichorwa mishale kwenye vitufe hivyo. Mwenye intaneti ya kusuasua anamwelewa vizuri.

Basi ndani ya vi liache gurudumu. Ctrl na F hushusha ukurasa mzima, Ctrl na B hupandisha. Kwenye nano ni Ctrl na V, na Ctrl na Y. Ukiona herufi usizoandika, bonyeza Esc, andika :q! utoke bila kuhifadhi. Skrini ikiganda, kabla ya kulaumu mtandao jaribu Ctrl na Q, huenda uligusa Ctrl na S, ambayo husimamisha maandishi tangu enzi hizo. Ukiwa ndani ya tmux, kurudi juu ni Ctrl na B kisha mabano [, na kutoka ni q.

Dawa yenyewe ni kuweka Vim kamili na kuandika :set mouse=a. Hapo gurudumu hufanya kazi ya gurudumu, ila kunakili kwa kipanya, kwenye terminali nyingi, kutataka ushikilie Shift.

Niliiweka jioni ileile. Ukiifungua bila faili, ukurasa wa kwanza unaomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Mtungaji wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea mwaka mzima, kati ya 1994 na 1995, kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na Ziwa Victoria. Lile lori lililobadilishwa, kwa taarifa yenu, lilikuwa la Masaka, upande huohuo. Liliondoka usiku.