Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni: Upasuaji ni wa Nani?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi huuliza kwa kunong'ona: je, mgongo huu ni lazima upasuliwe?

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski. Nje ni ngumu, ndani ni laini kama uji mzito. Sehemu ya nje ikipasuka, ile laini hutokeza na kufinya mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni, kama umepigwa na umeme.

Wengi hupata nafuu bila kisu, kwa majuma 6 hadi 12. Kunywa dawa ulizoandikiwa, tembea kidogo kidogo, na ufanye mazoezi uliyoonyeshwa hospitalini. Usilale kitandani siku nyingi. Jerikeni ya maji ya lita 20 mwachie mwingine.

Upasuaji hufikiriwa maumivu ya mguu yakikataa kuisha, au mguu ukizidi kulegea, na picha ya MRI ionyeshe kwamba ni diski inayofinya mshipa. Njia ni tatu:

1. Kutoa kipande cha diski kinachofinya mshipa. Hii ndiyo ya kawaida. Huweza kufanywa kupitia kidonda kidogo, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache.

2. Kupunguza mfupa ulio nyuma ya mshipa ili upate nafasi. Hufaa zaidi wazee ambao njia ya mishipa imekuwa nyembamba.

3. Kuunganisha pingili kwa skrubu. Hii ni ya pingili zilizolegea, si ya kila mtu.

Wengine husema, "Ukikatwa mgongo hutatembea tena." Jueni kwamba uti wenyewe wa fahamu huishia juu ya kiuno, chini yake ni nyuzi za mishipa tu. Kupooza baada ya upasuaji huu ni nadra. Lakini kidonda kinaweza kuoza, na diski inaweza kutokeza tena. Tena, upasuaji husaidia maumivu ya mguu kuliko ya mgongo. Muulize daktari haya yote kabla ya kutia sahihi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama akishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikimtoka bila kujua, au akifa ganzi kati ya mapaja, au miguu yote miwili ikilegea, asingoje kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asidhani ni mambo ya uzazi, wala asione haya kusema. Akichelewa, tatizo la mkojo linaweza kubaki maishani.

Anzieni Hospitali ya Ruiru. Ikihitajika, mtapewa barua ya kwenda Thika Level 5 au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hakikisheni mmejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Nawe mlezi, mama akirudi nyumbani baada ya upasuaji, mwache atembee, lakini asibebe mtoto mgongoni wala kuinama kufua mpaka daktari amruhusu.