Wangila: Dhahabu ya raundi mbili, kifo baada ya raundi tisa

KENYA imebeba dhahabu nyingi Olimpiki, na karibu zote zimeletwa na miguu ya wanariadha. Ni moja tu iliyoletwa na ngumi. Aliyeileta ni Robert Wangila Napunyi, kijana wa Nairobi, jijini Seoul mwaka 1988.

Wangila hakwenda Korea Kusini kubahatisha. Mwaka mmoja kabla, mbele ya mashabiki wa nyumbani, alitwaa dhahabu ya uzani wa welter katika Michezo ya Afrika, Nairobi 1987.

Seoul haikuwa mahali pa kuwaamini majaji. Ni kwenye michezo hiyo hiyo ambapo Mmarekani Roy Jones Jr. alinyimwa dhahabu kwa pointi, uamuzi unaolaaniwa hadi leo. Wangila hakuwapa majaji kazi. Kwenye fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, na raundi ya pili akamlaza kwa KO. Akiwa na umri wa miaka 21, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi Olimpiki.

Dhahabu haijazi sufuria. Mwaka 1989 Wangila akahamia ndondi za kulipwa, Marekani, na huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Kwenye ridhaa, pigano lilikuwa raundi tatu, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Kwenye kulipwa kofia inavuliwa na raundi zinaongezeka hadi kumi na zaidi. Kichwa ni kile kile, ila makonde kinayopokea ni mara nyingi zaidi.

Hata hivyo jamaa alipambana. Alishinda mapigano 22, mengi kwa KO, na kupoteza matano. Mkanda wa dunia ndio haukuja.

Julai 22, 1994, alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya David Gonzales. Raundi ya tisa refa akaona inatosha, akasimamisha pigano. Wangila alikataa katakata, akalalamika kwamba bado ana nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye akazirai kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Madaktari walimpasua kichwa kujaribu kumwokoa, ikashindikana. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Hapo ndipo kuna somo kwa kila kijana anayefunga bendeji mikononi leo. Kwenye soka, refa akikosea unaumia moyo, wiki ijayo unarudi uwanjani. Kwenye ndondi, bondia anaweza kusimama wima, akabishana na refa, kumbe ndani ya kichwa mambo yameshaharibika.

Refa akisema imetosha, kocha asimbishie. Amshushe bondia wake ulingoni na kumpeleka moja kwa moja kwa daktari, hata kama anaapa kwamba yuko sawa. Wangila naye aliapa hivyo hivyo.