Kaacha gongo Jumatatu, Jumatano kaanza kuona panya!

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo, tuongee habari za mtungi. Najua kuna watakaoninunia, maana huku kwetu Karagwe na Kyerwa mahari bila rubisi hainogi na harusi bila rubisi wageni wanasusa. Sawa, lakini mnywaji wa sherehe leo simgusi. Namzungumzia yule ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka atoe loki, tena kwa gongo, ile ambayo Kagera inaitwa enkonyagi.

Mtu wa namna hiyo ndugu wakimchoka humwambia, "Jikaze kiume, acha leo leo!" Hapo ndipo penye balaa.

Iko hivi. Pombe inapoza ubongo. Ukiipiga kila siku kwa miaka, ubongo nao unajifunza kusukumana nayo ili ubaki macho. Ni kama kusukuma mlango ambao mwenzako kaubana kwa upande wa pili. Akiachia ghafla, unaanguka kifudifudi. Saa chache tu baada ya glasi ya mwisho mtu anatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine huanza kuona na kusikia visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Watoto wa mjini arosto ya unga wanaijua. Arosto ya pombe wanaichekea, kumbe ndiyo yenye kuua zaidi!

Kuna kaka mmoja wa Nkwenda, jina kapuni. Aliacha Jumatatu. Jumatano usiku akawa anafukuza panya juu ya blanketi, na panya hakuna. Nyumbani wakasema karogwa, nauli ya kwenda kwa mganga ikaanza kuchangwa. Bahati shangazi yake ni nesi mstaafu. "Wanangu, hapa hakuna uchawi, ni pombe inatoka. Mpelekeni hospitali!" Wakampakia kwenye gari usiku ule ule. Alipewa diazepam, dozi ikawa inapunguzwa siku hadi siku, akachomwa na vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa kwa sababu hawali. Wiki haikuisha akaruhusiwa.

Familia ikapika, ikashangilia: kapona! Wapi bwana. Mwili ulikuwa umetoka kwenye hatari, basi. Miezi iliyofuata alikuwa halali, ana hasira, na akisikia tu kicheko cha kilabuni mate yanamjaa. Hicho nacho ni sehemu ya kupona, na ndicho kirefu. Dawa ya methadone inayotolewa Muhimbili tangu 2011 ni ya watu wa heroini; mtu wa gongo haimsaidii.

Kilichomsaidia ni mambo madogo madogo. Jioni anakula mapema, maana njaa na kiu ya gongo kwake vinafanana. Jumapili wanakaa watatu, wote walioacha, wanapiga stori. Hawajui kwamba mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wa mambo ya hisa na mmoja daktari wa upasuaji, walianza hivyo hivyo, kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous kilichoenea duniani.

Mara moja aliteleza, kwenye harusi. Wakwe wakasema ndio basi tena. Yeye kesho yake asubuhi akaenda kwa wenzake wawili akawaambia, akaendelea.

Mtihani wenyewe ni kahawa. Zamani aliuza butura, kahawa ingali ua mtini, bei ya kutupa, ili apate ya kunywea. Msimu ukifika shamba lilishakuwa la watu. Msimu uliopita alivuna mwenyewe, na malipo akaenda kuyapokea na mkewe. Mke akahesabu, akazitia kwenye kitenge, akatoa ya bati kwanza. Kaka akaomba ya soda. Akapewa.