Mbabula ya mama si tanuru ya pistoni

Wandugu wafanya kazi, na ninyi wamama wa nyumbani,

Kazini tunavaa kofia ngumu, viatu vya usalama na miwani. Kila mtu anajua sababu. Lakini saa ya kutoka ikifika, tunaacha vyote katika kabati na kurudi kwetu, kana kwamba hatari inabaki mlangoni pa kampani. Sivyo. Hatari nyingine inatungojea katika lupango, karibu na watoto.

Leo tuzungumze juu ya kazi ambayo mafundi wengi wanaipenda siku ya mapumziko: kupaka vipande vya motere dawa ya kupunguza msuguano, ili pikipiki au jenereta idumu zaidi. Kazi hiyo si mbaya. Ubaya uko katika namna ya kuifanya.

DAWA HIYO NI NINI?

Ndani ya motere, chuma kinapita juu ya chuma, na mafuta ndiyo yanayovitenganisha. Asubuhi, motere ikiwa baridi, mafuta mengi yamekwisha kuteremka chini. Kwa kitambo kidogo vipande vinasuguana karibu vikavu. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vinapaka tabaka nyembamba kwenye sketi ya pistoni, ni kusema sehemu ya chini inayoelekea ukuta wa silinda.

Dawa zinazojulikana sana ni tatu. Ya kwanza ni grafiti. Ya pili ni bisulfidi ya molibdeni, unga mweusi ambao asili yake ni jiwe la madini. Umepangwa tabaka juu ya tabaka kama karata za kuchezea, na karata moja inateleza juu ya nyingine. Ya tatu ni Teflon, aliyoivumbua Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938, ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Unga huo unachanganywa na gundi na kiyeyushi. Kiyeyushi kinakauka, na mara nyingi gundi sherti ichomwe kwa moto wa kipimo ndipo ishike chuma.

Mujue pia kwamba tabaka hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Haiwezi kuponya silinda iliyolika. Motere ikitoa moshi wa buluu na kula mafuta, kwanza ipelekwe kwa fundi apime silinda na ringi. Kupaka rangi nyumba yenye nguzo zilizooza hakuizuii kuanguka.

HOMA ISIYO YA MBU

Tuchukue mfano wa fundi mmoja. Siku ya Mungu anafungua jenereta yake, anaosha pistoni, anaipaka dawa yenye Teflon. Mvua inanyesha, basi anaingiza mbabula jikoni, anafunga dirisha, na kuweka pistoni juu ya makala. Hana kipimo cha joto. Anavuta sigara na vidole vyake vina unga.

Magaribi anaanza kutetemeka. Homa inapanda, kifua kinabana, anakohoa. Anasema: “Ni malaria,” na kumeza vidonge. Kesho kutwa amepona, anasifu vidonge. Juma linalofuata anarudia kazi ile ile, na homa inarudia vile vile. Ndege wa watoto aliyekuwa katika kizimba jikoni amekutwa amekufa, lakini hakuna aliyefikiri juu ya moshi.

Sababu ni hii. Teflon inavumilia joto hadi nyuzi 260 hivi. Ikipita hapo inaanza kuharibika, na kwenye nyuzi 350 na zaidi inatoa moshi wenye sumu. Makala mekundu yanapita kiasi hicho kwa urahisi, na ncha ya sigara inayowaka pia. Mtu akivuta moshi huo, homa inakuja baada ya masaa machache, na mara nyingi inaisha kwa siku moja au mbili. Lakini akivuta mwingi, mapafu yanaweza kujaa maji, na hapo ni hatari ya kifo. Ndege wana mapafu dhaifu zaidi, basi wanatangulia kufa.

Kwa hiyo, ukipata homa baada ya kazi ya namna hii, nenda hospitali, upimwe damu, na umwambie mganga wazi ulichokuwa unachoma. Asipoambiwa, atajuaje?

HATARI NYINGINE TATU

Esanse. Wengi wanaosha vipande kwa esanse. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini kama nyoka mpaka kwenye mbabula ya mama iliyo mbali, kisha moto unarudi kwako. Kiyeyushi cha dawa chaweza kufanya vile vile.

Hewa ya makala. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi. Inaua watu wakiwa wamelala.

Mchanga. Wengine wanasafisha pistoni kwa kupuliza mchanga na kompresa. Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi la silika linavyofanya mapafu. Usilete ugonjwa wa mgodini mpaka nyumbani.

NAMNA YA KUFANYA

1. Soma maandiko ya mkebe. Chagua dawa inayokauka yenyewe bila moto, kama ipo.
2. Fanya kazi nje, upande ambao upepo hauelekei jikoni. Watoto wawe mbali.
3. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta. Usitumie esanse.
4. Vaa miwani, na mipira ya mikono isiyopenywa na kiyeyushi. Maski ya vumbi haizuii mvuke; inahitajika ile yenye kichungi cha makala maalum.
5. Usivute sigara. Nawa mikono kabla ya kula.
6. Dawa ikihitaji moto, peleka pistoni kwenye garaji yenye tanuru la kipimo lisilopika chakula. Juu ya mbabula, pistoni ya aluminio yenyewe inapoteza ugumu wake, na kazi yote ni bure.
7. Usitie dawa wala kiyeyushi katika chupa ya maji au ya limonade. Mtoto hajui kusoma.

AJALI IKITOKEA

Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15, kisha hospitali. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mchukue mbio pamoja na mkebe. Nguo zikishika moto, lala chini ujiviringishe, au ufunikwe na blanketi. Mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Wandugu, pistoni inauzwa dukani. Mapafu hayauzwi popote. Mama, ukimwona baba anakaribia mbabula yako na kipande cha motere, mkatalie bila haya: umelinda nyumba yako.