Jina Lipi Likae Juu?

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya wiki. Sisemi wiki ya siku saba. Nasema wiki ya kwenye intaneti, yaani kamusi elezo ambayo mwenye nia yeyote anaweza kuandika ukurasa, na mwenzake akaja akausahihisha. Neno lenyewe ni la Kihawaii, na maana yake ni "haraka". Mmarekani Ward Cunningham, aliyetengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995, alilichukua kutoka kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki.

Inayojulikana na wengi ni Wikipedia, iliyoanza Januari 2001. Lakini ziko nyingine nyingi sana zinazoandikwa na mashabiki wa filamu, vitabu na michezo ya kompyuta. Humo kila mhusika, hata yule aliyepita mara moja tu nyuma ya mlango, hupewa ukurasa wake. Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia: ukurasa huo uitwe jina gani?

Nimeletewa barua na vijana watatu wa hapa mjini walioanza kuandika kwa Kiswahili kurasa za wahusika wa The Lion King, ile filamu ya katuni ya mwaka 1994. Wa kwanza aliuita ukurasa wa yule simba mwovu, nduguye Mufasa, "Scar", kama anavyoitwa katika filamu. Wa pili akaubadili ukawa "Kovu", kwa hoja kwamba sisi tunaandika Kiswahili. Wa tatu naye akauita "Taka", akisema hilo ndilo jina la kuzaliwa. Sasa hawasemezani na kazi imesimama. Wananiuliza nani kati yao ana haki.

Wako watakaocheka kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mimi sicheki. Katika kazi yetu ya redio tunalijua tatizo hili siku nyingi. Kwenye chumba cha kanda, mtu anayetafuta sauti ya Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, haendi herufi F, ingawa jina alilopewa na wazazi wake ni Fatuma binti Baraka. Kanda ikiwekwa pasipotafutwa ni sawa na kanda iliyopotea.

Tuanze basi na kazi ya kichwa cha ukurasa. Kwanza, kichwa ni anwani: kurasa mbili za wiki moja haziwezi kuwa na jina lile lile, kama vile nyumba mbili za mtaa mmoja zisivyopewa namba moja. Pili, kichwa ni utambulisho: ndilo neno la kwanza msomaji analoliona, na ndilo wengine watakalolinakili. Mhusika anaweza kuwa na majina kumi, lakini pale juu hukaa moja tu. Hayo mengine hayatupwi. Kila moja hufanyiwa elekezo, yaani ukurasa mtupu ambao kazi yake ni kumchukua msomaji na kumfikisha panapohusika. Kwa hiyo swali si jina lipi ni la kweli. Swali ni lipi likae juu, na yapi yawe milango ya pembeni.

Je, wenzetu wameamuaje? Mwangalie Darth Vader, yule mwenye kofia nyeusi wa filamu za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977. Katika Wikipedia ya Kiingereza ukurasa wake unaitwa Darth Vader, kwa sababu kanuni yao ni kutumia jina linalojulikana zaidi na wasomaji. Lakini mashabiki wana wiki yao, iitwayo Wookieepedia, iliyoanza mwaka 2005. Humo mtu huyo huyo yuko chini ya jina Anakin Skywalker, maana wao wanasimulia maisha yake tangu utoto hadi kufa. Nyumba mbili, mtu mmoja, majina mawili, na hakuna aliyekosea. Kila nyumba ilijiuliza kwanza: msomaji wangu ni nani?

Lakini kila uamuzi una gharama yake. Ilikuwa mwaka 1980, katika filamu ya pili, ndipo watazamaji walipoambiwa kwamba Vader ni baba yake Luke Skywalker. Mtu ambaye hajaiona filamu hiyo, akatafuta Vader na kufikishwa kwenye Skywalker, amekwisha kuibiwa utamu wa hadithi kabla hajasoma hata mstari mmoja. Kichwa cha ukurasa kinaweza kufichua siri, na siri ikishatoka hairudi.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Yule wa tatu hakubuni. Jina Taka lilitajwa katika kitabu cha hadithi kilichotolewa mwaka 1994 sambamba na filamu, na filamu ya Mufasa ya Desemba 2024 ikalitumia waziwazi. Lakini kwa miaka thelathini watazamaji wamemjua mwovu yule kwa jina la Scar. Na kwa Mswahili, "taka" peke yake ni neno la jalalani kabla halijawa jina la simba. Jina hilo linastahili sentensi nzima katika aya ya kwanza, pamoja na maelezo ya namna lilivyoachwa. Pale juu si mahali pake.

Wa pili alikuwa na nia njema, ila amejikwaa kwenye jiwe asilolitegemea. Katika filamu ya pili ya The Lion King, ya mwaka 1998, yumo simba mwingine ambaye jina lake hasa ni Kovu! Huyo ni mwana wa Zira, aliyeteuliwa na Scar awe mrithi wake. Ukimfasiri Scar, umemnyang'anya kijana jina lake, na msomaji hatajua tena nani alimrithi nani. Watunzi wa Marekani walikuja kuchota majina katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Sisi tukianza kuyafasiri yale machache ya Kiingereza yaliyobaki, tunagongana na waliyokwisha kuyachukua.

Na hata hayo ya Kiswahili yana mtego wake. Kwa Mwingereza, "Simba" ni mwana wa Mufasa na basi. Kwetu, neno hilo ni kwanza mnyama wa porini. Halafu, mtaani Kariakoo, ni klabu ya mpira iliyokuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Mwana wa Mufasa anakuja wa tatu. Katika wiki inayohusu filamu hiyo peke yake, "Simba" inatosha. Katika kamusi elezo ya mambo yote, mnyama abaki na jina lake tupu, na hao wengine waongezewe neno la kuwapambanua, kwa mfano "Simba (mhusika)".

Tusiishie kwa simba wa katuni. Siku moja vijana hawa, au wadogo zao, wataandika kurasa za wahusika wetu wenyewe. Mashabiki wa Star Trek wana kanuni ya kuacha vyeo: nahodha wao yuko chini ya James T. Kirk, bila cheo chake. Kanuni nzuri, maana cheo hupanda na kushuka. Lakini ijaribu kwa mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Ukiondoa "Bwana" kwa Bwana Msa, nani atamtambua? Vivyo hivyo Fumo Liyongo: fumo ni cheo cha kale, lakini kimeshikana na jina kama nyama na mfupa. Cheo kikigeuka kuwa jina, kiache kikae.

Na yuko Abunuwasi. Mshairi Abu Nuwas aliishi kweli Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mjanja wa ngano zetu amechukua jina lake, lakini ni mtu mwingine, mwenye visa vyake na punda wake. Hao wanahitaji kurasa mbili, mshairi kwa jina lake la Kiarabu, na mjanja kwa jina alilopewa na bibi zetu. Anayeandika "Abunawasi" naye asirudishwe mlangoni, afanyiwe elekezo.

Jibu langu kwa vijana ni hili. Kichwa kiwe "Scar". "Taka" liwe elekezo. "Kovu" liachiwe mwenyewe, na juu ya ukurasa wake uwekwe mstari mmoja: kama unamtafuta nduguye Mufasa, nenda kwa Scar. Halafu kanuni hiyo muiandike mahali pa wazi, mkubaliane, ndipo muendelee. Wiki haivunjwi na jina baya, maana jina laweza kuhamishwa kwa dakika moja. Huvunjwa na watu watatu wanaobadilishana majina usiku bila kusemezana.

Nami nawahimiza waharakishe, kwa maana gharama ya kuchelewa ni kubwa. Mtoto wa leo akimtafuta Liyongo kwenye simu asimkute, hadhani kwamba ameandika vibaya. Anadhani hayupo. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, lakini hata hilo lahitaji mtu wa kuliweka mahali litakapoonekana.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, nakutakia kila la heri.