Kusakinisha Linux Kwenye Kompyuta ya Zamani: Matatizo ya Kawaida na Jinsi ya Kuyatatua

Je, kompyuta yako bado inatumia Windows 10? Msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini isipopata masasisho ya usalama, kila mwezi unaopita unaiacha wazi zaidi kwa wezi wa mtandaoni. Nayo Windows 11 haikubali kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya takriban mwaka 2018, na hizo ndizo zilizojaa nyumbani, madukani na katika saiba zetu.

Njia moja ya kuiokoa mashine ya aina hii ni kusakinisha Linux, mfumo endeshi huria usiolipiwa leseni. Matoleo yanayowafaa wanaoanza ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu 24.04, kwa mfano, itapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4, Mint au Xubuntu ni nyepesi zaidi.

Wengi hukwama njiani na kuamua kwamba kompyuta imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Tazama umekwama katika hatua gani, kwa sababu kila hatua ina sababu zake.

Kabla ya kuanza

1. Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje au flashi nyingine: picha, vyeti, hesabu za biashara. Ukichagua kufuta diski wakati wa usakinishaji, usitarajie kuzipata tena.

2. Ijaribu Linux bila kuisakinisha. Ubuntu na Mint huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows. Kagua Wi-Fi, sauti, kamera, kibodi na printa. Kisichofanya kazi hapo utahitaji kukitafutia suluhisho baadaye.

3. Chagua wakati unaofaa. Kama unatayarisha ripoti za kodi kwa fomu za Excel zenye makro, zijaribu kwanza katika LibreOffice, kwa sababu huenda zisifanye kazi ipasavyo. Usibadilishe mfumo wiki ya mwisho ya Juni, ilhali siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi ya mapato ya mtu binafsi ni tarehe 30.

4. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukipotea katikati ya usakinishaji kwenye kompyuta isiyo na betri, itabidi uanze upya.

Flashi haiwaki

Kosa la kawaida ni kunakili faili ya ISO kwenye flashi kama mtu anavyonakili wimbo. Kompyuta haiwezi kuwaka kwa njia hiyo. Faili lazima iandikwe kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher. Tumia flashi ya GB 8 au zaidi, na kumbuka kwamba kila kilichomo kitafutwa.

Kama flashi imeandikwa vizuri lakini kompyuta inaingia Windows moja kwa moja, fungua menyu ya kuwashia. Kwa kawaida ni kitufe cha F12 kwenye Dell na Lenovo, na kwenye HP ni Esc kisha F9. Kibonyeze mara kadhaa punde tu unapowasha mashine.

Ikianza kisha ikatoa ujumbe wa makosa, huenda faili haikupakuliwa yote. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike: certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256. Linganisha msimbo utakaotokea na ule uliochapishwa kwenye tovuti rasmi ya mfumo huo. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya.

Skrini inabaki nyeusi

Chanzo huwa ni kadi ya picha, hasa ya NVIDIA. Katika menyu ya kwanza ya flashi chagua "safe graphics" kwenye Ubuntu au "compatibility mode" kwenye Mint. Ukishamaliza kusakinisha, weka draiva ya kadi hiyo.

Kisakinishi hakioni diski

Laptopu nyingi hutoka kiwandani diski ikiwa imewekwa katika hali ya RST au RAID. Linux huhitaji hali ya AHCI, ambayo hubadilishwa ndani ya BIOS. Tahadhari: ukibadilisha hali hiyo bila maandalizi, Windows iliyomo inaweza kukataa kuwaka.

Ukiambiwa kwamba diski imefungwa kwa BitLocker na unataka kubaki na Windows, rudi kwenye Windows, hifadhi ufunguo wa kurejesha mahali salama, kisha uizime BitLocker na usubiri imalize kazi yake. Zima pia "Fast Startup", la sivyo Linux inaweza kuzuiwa kuandika kwenye diski ya Windows.

Wi-Fi haionekani

Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, huhitaji draiva ya ziada, na draiva hiyo hupakuliwa kwa intaneti. Unganisha simu yako na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa "USB tethering". Ukishapata mtandao, fungua "Driver Manager" kwenye Mint au "Additional Drivers" kwenye Ubuntu, weka draiva inayopendekezwa, na uwashe kompyuta upya.

Saa si sahihi, tovuti hazifunguki

Ukiwa na Windows na Linux pamoja, huenda Windows ikaonyesha saa iliyo nyuma kwa saa tatu kamili. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Linux huweka saa ya dunia katika saa ya ndani ya mashine, nayo Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa nchini. Katika Linux, fungua "Terminal" na uandike: timedatectl set-local-rtc 1.

Kama tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa kila unapozima mashine, betri ndogo ya ndani imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ya mviringo, aina ya CR2032. Tarehe ikiwa si sahihi, kivinjari huona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa batili na kukataa kuzifungua, hata eCitizen.

Sasisho lilikatika

Umeme ukipotea wakati wa kusasisha, fungua "Terminal" na uandike: sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Nenosiri lako halitaonekana unapoliandika. Hilo ni kawaida. Andika tu na ubonyeze Enter. Ukiona ujumbe kwamba programu nyingine inasasisha, subiri imalize. Usizime mashine.

Ukihitaji fundi

Mweleze mambo matatu: aina na modeli ya kompyuta, hatua uliyokwama, na maneno kamili ya ujumbe wa makosa. Upige picha kwa simu. "Imekataa" haimsaidii fundi. Usimpe mtu yeyote PIN ya M-Pesa wala nenosiri la eCitizen, na usiiache kompyuta kwake kabla ya kuhakikisha kwamba nakala ya faili zako iko nyumbani na inafunguka.