Je, Sikio Latambua Tofauti?

Siku hizi vijana wetu wameleta maneno mapya nyumbani. Mmoja asema nyimbo zilizo katika simu ya mama zimebanwa mno, hazifai kusikilizwa. Mwingine ataka anunuliwe hedifoni za bei kubwa na alipiwe kila mwezi huduma ya muziki wenye "sauti kamili". Mwalimu wa kwaya naye ashauri rekodi zihifadhiwe kwa namna inayojaza simu kwa muda mfupi. Mama, ambaye ndiye mweka hazina wa nyumba, aamue vipi? Akatae kwa sababu ya fedha tu, au kuna ukweli katika maneno hayo?

Tumeona vema kulichunguza jambo hili. Linagusa mfuko wa nyumba, na pia linagusa vitu ambavyo fedha haiwezi kuvinunua mara ya pili, kama vile sauti ya bibi aliyekwisha kututoka.

Kanga iliyokunjwa na kiazi kilichomenywa

Katika CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Wimbo wa dakika nne huchukua nafasi ya megabaiti 42 hivi. Huo ni mzigo mkubwa kwa simu na kwa kifurushi cha intaneti. Basi wataalamu walitafuta njia za kuupunguza, nazo ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni kama kukunja kanga. Ukiikunja vizuri yaenea katika sanduku dogo, na ukiikunjua ni kanga ile ile, hakuna uzi uliopotea. Hivyo ndivyo ifanyavyo FLAC, iliyotolewa mwaka 2001. Wimbo wetu hushuka hadi megabaiti kati ya 20 na 30 hivi, na hakuna kilichotupwa.

Namna ya pili ni kama kumenya kiazi. Ganda hutupwa, na likishatupwa halirudi. Hiyo ndiyo MP3 na ndugu zake. Wimbo ule ule ukibanwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde huwa megabaiti 10 hivi. Ukibanwa kwa kilobiti 128 huwa karibu 4 tu.

Je, ni nini kinachotupwa? Fikiri juu ya mama anayetwanga mahindi kinuni. Mtoto akinong'ona karibu naye, hamsikii, kwa kuwa mshindo wa mchi umeifunika sauti ndogo. Sikio letu ndivyo lilivyoumbwa. Wataalamu wa Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, pamoja na Karlheinz Brandenburg, walitumia udhaifu huo: zile sauti ambazo sikio haliwezi kuzisikia kwa sababu zimefunikwa na nyingine, ziandikwe kwa uchache au ziachwe kabisa.

Kazi haikuwa rahisi. Mojawapo ya mitihani yao ilikuwa wimbo "Tom's Diner" wa mwimbaji Mmarekani Suzanne Vega, ambao aliimba peke yake bila ala yoyote. Mwanzoni sauti ya mama huyo ilitoka imeharibika, kwa kuwa hapakuwa na ngoma wala gitaa la kuficha makosa. Wakarekebisha na kusikiliza tena na tena hadi ikatoka safi.

Waliopimwa walisikia nini?

Mtu akijua kwamba anasikiliza kitu cha bei kubwa, husikia uzuri hata kama haupo. Kwa hiyo wapimaji hutumia njia ya kumficha msikilizaji. Asikia sauti ya kwanza, asikia ya pili, kisha asikia ya tatu ambayo ni moja ya zile mbili, naye aseme ni ipi. Hatazami chochote; masikio peke yake ndiyo yanayotoa ushahidi.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliwaita wasikilizaji 13 waliozoezwa, wanamuziki na mafundi wa sauti, wakawapa muziki wa CD na wa MP3 bila kuwaambia upi ni upi. Kwa MP3 za kilobiti 96, 128 na 192, wasikilizaji hao waliipenda CD kwa namna iliyo wazi. Kwa zile za juu zaidi, hadi 320, upendeleo huo haukuonekana tena. Kumbuka kwamba hao ni watu ambao kusikiliza ndiyo kazi yao.

Wapo pia wauzaji wanaosema hata CD haitoshi, tununue sauti zilizo juu yake. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walitangaza matokeo ya kulinganisha sauti za namna hiyo na zile zile zilizoshushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ni sawa na kurusha sarafu!

Basi kijana wako hasemi uongo akilalamikia wimbo uliobanwa mno. Sikiliza makofi, kayamba na matoazi; hapo ndipo ubovu hujitokeza kwanza, mlio mkali ukawa kama umelowa maji. Lakini wimbo uliobanwa kwa ustadi, kwa kilobiti 256 au 320, wengi wetu hatuwezi kuutofautisha na ule kamili.

Jipimeni nyumbani

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni mtihani. Chukueni wimbo mmoja ulio kamili, kisha mtengeneze nakala ya MP3 kutoka huo huo. Anayedai kusikia tofauti ageuzie simu mgongo. Kwanza asikilize zote mbili akiambiwa ipi ni ipi. Kisha mwingine arushe sarafu ili kuchagua ipi ipigwe, naye atoe jibu. Rudieni mara 16, mkiandika kila jibu.

Anayebahatisha atapata 8 hivi. Akipata 12 au zaidi, mheshimuni, maana kwa kubahatisha tu jambo hilo hutokea chini ya mara 4 katika 100. Angalizo moja: sauti zote mbili ziwe na ukubwa sawa. Iliyo juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi, na wauzaji wengine hulijua hilo. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fedha ziende wapi?

Kama hakuna aliyefaulu, bakini na nyimbo zilizobanwa vizuri, na bando litadumu. Spika nzuri au hedifoni imara zitaleta tofauti ambayo kila mmoja ataisikia. Jueni pia kwamba hedifoni za Bluetooth kwa kawaida huibana sauti upya njiani, hata kama mmelipia iliyo kamili.

Zaidi ya yote, tuyatunze masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma, na mtu mzima 80 kwa muda huo huo. Sikio lililoharibiwa na kelele hakuna rekodi itakayolirudishia usikivu wake.

Sauti zisizorudi

Lakini kuna mahali ambapo mwalimu wa kwaya ana haki kabisa. Wimbo wa dukani ukiharibika, utaupata tena. Rekodi ya babu akisimulia asili ya ukoo, au ya mtoto akisema maneno yake ya kwanza, iko moja tu duniani. Kila inapobanwa upya, inamenywa tena, na mwisho hubaki kiazi chembamba. Kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi ganda.

Kwa hiyo, unaporekodi jambo la namna hiyo, chagua katika programu ya simu WAV au FLAC. Kanda zako za zamani zikihamishiwa kwenye kompyuta, agiza zihifadhiwe hivyo hivyo. Saa nzima ya sauti kamili huchukua megabaiti 635 hivi, hivyo kadi ndogo ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 45. Weka nakala mbili mahali pawili. Unapotaka kuwatumia ndugu, tengeneza nakala iliyobanwa, na ile ya kwanza usiiguse. Na kama sauti ya mpendwa wako imebaki katika ujumbe wa simu tu, ihifadhi kama ilivyo bila kuigeuza.

Basi, mama mpendwa, kwa nyimbo za kila siku usione haya kutumia kilicho rahisi. Lakini wiki hii tafuta ile kanda iliyo kabatini, yenye sauti ambayo wajukuu wako hawajapata kuisikia, uipeleke ikahifadhiwe kamili kabla utepe wake haujaoza.